Daftari na Bani: Jioni ya Mtoto wa Kigwa Ilikuwa ya Nani?

Watoto wa Unyamwezi walikuwa na mazoezi ya nyumbani kabla hawajapata shule. Richard Burton, aliyepita njia ya misafara mwaka 1857, aliandika kwamba mtoto wa Kinyamwezi wa miaka sita au saba alikuwa tayari anabeba pembe ndogo ya ndovu begani ili auzoee mzigo utakaomsubiri ukubwani. Upagazi ulikuwa kipimo cha uanaume. Kijana ambaye hajakwenda pwani na kurudi hakuhesabiwa kuwa mtu kamili, hata awe na nguvu kiasi gani. Baba na wajomba ndio waliofundisha, na mtihani wenyewe ulikuwa safari ya miezi kadhaa hadi Bagamoyo.

Kigwa ilikuwa ndani ya njia hiyo. Msafara uliotoka pwani, ukishavuka Ugogo na pori la Mgunda Mkali, uliingia Tura, ukaenda Rubuga, ukapita Kigwa, na baada ya hapo haikubaki safari ndefu kufika Unyanyembe, walikokaa wafanyabiashara Waarabu na Waswahili, ndiyo Tabora ya leo. Misitu ya upande huu iliogopwa kwa wanyang'anyi. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 alizikuta Rubuga na Kigwa zimeharibiwa kwa vita, na wiki chache baadaye akajikuta mwenyewe katikati ya mapigano ya Waarabu wa Unyanyembe na mtemi Mirambo. Kwa hiyo mtoto wa Kigwa wa miaka ile alikuwa na mengi ya kujifunza jioni: kusikiliza wakubwa wakitaja vituo vyenye maji, kujua njia zilizo salama, kuamia ndege kwenye mtama, kurudisha mbuzi kabla giza halijaingia.

Leo Kigwa ni kata katika Wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, na mvutano wa jioni umehamia kwenye daftari. Mwalimu analalamika kwamba kazi aliyoitoa jana hairudi. Mzazi analalamika kwamba mtoto anarudi amechoka, hana kitabu, na swali lenyewe hata mkubwa halielewi. Mtoto yuko katikati, na mara nyingi ndiye anayelipa. Maelezo yanayotolewa haraka ni mawili: watoto wavivu, wazazi wazembe. Historia ya eneo hili haiyaungi mkono. Kwa zaidi ya miaka 150 saa za mtoto baada ya jua kuanza kushuka zimekuwa na wadai wengi, na kila shule iliyokuja huku ilikuja kuomba sehemu ya saa ambazo nyumba ilikuwa imeshazipangia kazi.

Shule ya kwanza kuja na njia ya misafara ilikuwa chuo. Waswahili na Waarabu walipojenga Unyanyembe na Ujiji walikuja na walimu wa Kurani, na walimu hao wakaja na utaratibu wa pwani. Mtoto hakupewa kitabu. Alipewa ubao uliolainishwa, kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Aya chache ziliandikwa ubaoni, naye akazisoma kwa sauti mpaka zimkae kichwani. Akishazisoma mbele ya mwalimu bila kukwama, ubao unaoshwa na aya nyingine zinaandikwa. Mbali na hayo, wanafunzi walimtekea mwalimu maji na kumletea kuni, kwa hiyo mipaka ya kusoma na kutumika haikuwa mikali.

Utaratibu ule ulikuwa na faida moja ambayo shule za baadaye ziliipoteza. Somo lilikuwa la sauti. Mama asiyejua herufi hata moja aliweza kukaa jikoni akamsikia mwanawe anakwama wapi, akamwambia arudie. Hakuhitaji kusoma ili asimamie masomo.

Wajerumani walipomshinda mtemi Isike wa Unyanyembe, Januari 1893, walitaka shule za kuwapatia makarani, wakalimani na watoza kodi wa kuandika Kiswahili kwa herufi za Kilatini. Wamisionari nao walikuwa na shule zao: Mapadri Weupe, ambao misafara yao ilipita Tabora tangu 1878, na Wamoravian walioanza kazi Urambo mwaka 1898. Vijijini, shule hizo nyingi zilikuwa kibanda kimoja na katekista mmoja. Masomo yalikuwa ya saa chache za asubuhi, na mtoto aliandika kwenye kibao cha mawe ambacho kilifutwa hapohapo kupisha somo linalofuata. Hakukuwa na la kupeleka nyumbani. Mchana mtoto alikuwa wa baba yake, na wazazi wengi walikubali shule kwa sharti hilo, ingawa hakuna aliyeliandika popote.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Upagazi wa masafa marefu, uliokuwa umekwisha kupungua, ukafa. Pembe ya kubeba begani haikuwa tena mafunzo ya kitu chochote, na barua, risiti na stakabadhi za kodi zikachukua nafasi yake katika maisha ya watu. Ndipo kusoma kulipoanza kutamaniwa na familia zisizo za machifu wala za makarani.

Waingereza walilitatua suala la jioni kwa kumwondoa mtoto nyumbani. Katika miaka ya 1920 walianzisha Shule ya Serikali ya Tabora, kwanza kwa ajili ya wana wa machifu, shule ya bweni iliyopangwa kwa mfano wa shule kubwa za kwao. Julius Nyerere aliingia hapo mwaka 1937 akitokea Shule ya Mwisenge, Musoma, na alirudi Tabora katikati ya miaka ya 1940 kufundisha Shule ya Mtakatifu Maria baada ya kumaliza Makerere. Abdallah Said Fundikira, aliyekuja kuwa mtemi wa Unyanyembe na kisha waziri katika baraza la kwanza la mawaziri la Tanganyika huru, alisoma Tabora. Rashidi Kawawa pia. Katika shule za bweni jioni ilikuwa na jina lake, prepo: kengele inalia, wanafunzi wanaingia darasani, taa zinawashwa, kiranja anasimamia utulivu. Hapakuwa na ng'ombe wa kurudisha wala mdogo wa kubeba mgongoni. Kitabu kilikuwepo, meza ilikuwepo, na kama hesabu ni ngumu mwenzako alikuwa dawati la pili.

Sifa nyingi za wasomi wa Tabora zinapaswa kusomwa pamoja na jambo hilo. Walikuwa na vipaji, hakuna ubishi. Lakini walikuwa pia na taa, na saa mbili kila usiku ambazo hakuna mtu mwingine aliyezidai. Mtoto wa rika lao aliyesoma shule ya kutwa vijijini, mwendo wa siku moja au mbili kutoka Tabora, hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo, na kwa kawaida masomo yake yaliishia darasa la nne.

Nyerere alilijua pengo hilo. Katika Elimu ya Kujitegemea, waraka alioutoa Machi 1967, alisikitika kwamba shule ilikuwa inamtenga mtoto na jamii yake na kumfanya adharau jembe. Tiba aliyoipendekeza ilikuwa shule iwe pia shamba, wanafunzi wazalishe sehemu ya mahitaji yao. Shuleni pakaingia bustani, mabanda ya kuku, na mashamba ya mahindi na pamba. Kwa nia ilikuwa fikra ya heshima kubwa kwa mkulima. Kwa utekelezaji, mtoto wa kijijini alijikuta na mashamba mawili: la shule mchana, la nyumbani jioni. Daftari lilikuwa la tatu katika foleni. Mashamba mengi ya shule yaligeuka kazi tupu isiyofundisha kilimo chochote, na wazazi waliliona hilo kabla ya wakaguzi.

Kisha zikaja siku ambazo pengine ndizo zilizokuwa njema kuliko zote kwa mtoto aliyekuwa na kazi ya kufanya nyumbani, na sababu yake haikutoka shuleni.

Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mradi wa majaribio uliosaidiwa na UNESCO ulikuwa umeanza kanda ya Ziwa mwaka 1968, ukiwa na vitabu vilivyofuata shughuli za watu, kama pamba, migomba, uvuvi na ng'ombe, na baadaye kisomo kikaenea nchi nzima. Madarasa yalifanyika alasiri, chini ya mwembe, kwenye ofisi ya kijiji au kwenye darasa lilelile walilotoka watoto saa chache kabla. Walimu wengi hawakuwa walimu wa kusomea. Walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba na watu wa kijijini waliojitolea. Kampeni za redio ziliongezea nguvu: Mtu ni Afya mwaka 1973, Chakula ni Uhai mwaka 1975, watu wakikaa kwenye vikundi na kijitabu mkononi, wakisikiliza kisha wakijadiliana.

Kwa mujibu wa takwimu rasmi, wasiojua kusoma na kuandika walikuwa asilimia 67 ya watu wazima mwaka 1967. Mwaka 1975 walikuwa asilimia 39. Mwaka 1986 walikuwa asilimia 9.6. Tarakimu za kampeni zina kawaida ya kupendeza, na aliyeweza kusoma sentensi fupi siku ya mtihani wa kisomo hakuwa lazima aweze kusoma gazeti. Hata hivyo ndani ya nyumba kilitokea kitu ambacho tarakimu hazikionyeshi. Mama alikuwa na daftari lake, mtoto na lake, na koroboi ilikuwa moja. Mtoto wa darasa la tatu alimsahihishia mama yake herufi, na mama, kwa kuwa alikuwa na somo la kumaliza kabla ya kipindi cha kesho, alikuwa na sababu ya kukaa. Aliyekuwa anajua uchungu wa kuandika "nyumba" bila kusahau herufi alikuwa mvumilivu kwa mtoto aliyekosea. Kusoma hakukuwa kazi ya watoto peke yao. Hilo limeshindikana kurudishwa tangu hapo.

Katika miaka hiyohiyo watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, kati ya 1973 na 1976, na Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaamuru kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Sheria ya Elimu ya 1978 ikaifanya shule ya msingi kuwa lazima kwa wenye miaka 7 hadi 13. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wa shule za msingi walikuwa wamepita milioni tatu. Nyumba zilisogea karibu na shule, mashamba yakasogea mbali. Mtoto alipungukiwa mwendo wa asubuhi na kuongezewa mwendo wa mchana. Madarasa yakafurika. Shule nyingi ziligawa wanafunzi kwa zamu, na walimu wa muda mfupi, waliofundishwa kazini, ndio waliobeba mzigo.

Uchumi ulipoanguka, kisomo kilianguka nacho. Vitabu havikuchapishwa tena kwa wingi, na daftari lenyewe likawa bidhaa ya kutafutwa. Michango na ada vikarudi. Mshahara wa mwalimu ukakosa thamani, na mijini ikazaliwa tuisheni, ambapo mazoezi ya ziada yalikuwa ya mwenye uwezo wa kuyalipia. Vijijini tuisheni haikuwa na mteja. Kilichokuwepo huku Tabora kilikuwa tumbaku.

Zao hili lilishika mizizi mkoani baada ya mpango wa karanga wa Waingereza kushindwa Urambo, na likaenea Sikonge, Kaliua na Uyui. Mtu asiyelima tumbaku ni vigumu kuelewa linavyokula saa. Miche hukuzwa kwenye vitalu vinavyotaka maji kila siku, kisha huhamishiwa shambani mvua zikianza. Majani hayaivi yote pamoja. Huchumwa awamu kwa awamu, kuanzia ya chini. Kila awamu hufungwa kwa uzi kwenye vijiti, kijiti baada ya kijiti, na vidole vidogo vya watoto ni vyepesi kwa kazi hiyo. Vijiti hupangwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, moto huwashwa, na kwa siku kadhaa, usiku na mchana, lazima awepo mtu wa kuuangalia. Ukizidi, majani yanaungua. Ukipungua, yanaharibika rangi, na rangi ndiyo daraja, na daraja ndiyo bei. Baba aliyekopa mbolea kupitia chama cha msingi hawezi kuacha bani lipoe kwa sababu mtoto ana sehemu za kujumlisha.

Sheria ya Mtoto ya 2009 iliweka umri wa kuanza kazi nyepesi kuwa miaka 14, na mkoani Tabora, wilaya za Urambo na Sikonge, mradi wa PROSPER ulianza mwaka 2011 kupambana na ajira ya watoto katika tumbaku. Kazi kubwa na ya lazima. Ila kati ya ajira inayomvunja mtoto na msaada wa kawaida kwa mzazi kuna eneo pana, na ni ndani ya eneo hilo kazi za shule hupotelea: saa moja ya kufunga majani, nusu saa ya maji, kumbembeleza mdogo, kisha ugali, kisha giza.

Ada za shule za msingi zilifutwa mwaka 2001 chini ya mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, na elimu bila malipo ikatangazwa upya kuanzia Januari 2016. Mara zote mbili watoto walijaa madarasani kwa maelfu, jambo la kushangiliwa, na mara zote mbili idadi ya vitabu na walimu ilibaki nyuma. Tafiti za Uwezo, zilizoanza kutolewa mwaka 2010, zilionyesha kwamba takriban mtoto mmoja tu kati ya watatu wa darasa la tatu aliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Serikali ilijibu kwa mtaala wa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu mwaka 2015, na Tabora ikawa miongoni mwa mikoa iliyoingizwa katika mpango wa EQUIP, uliofadhiliwa na Uingereza tangu 2014, ambao pamoja na kuwafunza walimu ulianzisha umoja wa wazazi na walimu.

Namna kazi ya nyumbani inavyotolewa katika darasa la watoto themanini au mia inastahili kuangaliwa kwa karibu. Kitabu ni kimoja kwa watoto kadhaa, kwa hiyo hakitoki shuleni. Mwalimu anaandika maswali ubaoni dakika za mwisho za kipindi. Aliye mbele ananakili haraka. Aliye nyuma, asiyeona vizuri, anachungulia daftari la jirani. 13 mara 4 inakuwa 18 mara 4. Mtoto anafika nyumbani na swali ambalo mwalimu hakulitoa, analifanya sawasawa, na kesho anapigiwa kosa. Au hapigiwi chochote, kwa kuwa madaftari mia hayasahihishiki kwa siku moja na mwalimu huyohuyo ana madarasa mengine mawili. Mtoto ni mwerevu kuliko anavyodhaniwa. Akigundua kwamba kazi haisomwi, anaacha kuifanya, na kwa mizania ya jioni yake uamuzi huo una akili.

Lugha nayo ina sehemu yake. Nyumba nyingi za Uyui zinazungumza Kinyamwezi au Kisukuma. Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia shule ya msingi tangu 1967, na wazazi wengi wanakimudu vizuri sokoni na kwenye mkutano wa kijiji, lakini kirai, kivumishi na kipeo cha pili ni Kiswahili cha aina nyingine.

Kazi isiporudi, hapo ndipo kiboko huingia. Kanuni za adhabu za mwaka 2002, zilizofuata zile za 1979, zinaruhusu viboko kwa mamlaka ya mkuu wa shule, visivyozidi vinne, na kwa makosa mazito. Kutofanya kazi ya nyumbani si kosa la aina hiyo kwa mtu yeyote mwenye haki. Hata hivyo watoto wengi wa Tanzania wamekuja kuijua hesabu ya nyumbani kwanza kama sababu ya kuchapwa, na mzazi aliyechapwa kwa sababu hiyohiyo miaka thelathini iliyopita huona ni utaratibu wa kawaida.

Nchi nyingine zimegombana juu ya jambo hili kwa sauti kubwa zaidi. California ilipiga marufuku kazi za nyumbani kwa watoto wa chini ya miaka 15 mwaka 1901, ikaja kuifuta sheria hiyo baadaye. Ufaransa ilikataza kazi za kuandika nyumbani kwa shule za msingi mwaka 1956, na hoja mojawapo ilikuwa kwamba mazingira ya nyumbani mara nyingi si mazuri kwa kazi hizo. China ilizipunguza mwaka 2021. Mwaka huohuo Kenya, wazazi walikuwa wanalalamikia mtaala wa umilisi uliowataka wachore, wakate, wabandike na kutafuta vifaa pamoja na watoto wao baada ya kutoka kazini, na shauri likafikishwa Mahakama Kuu. Mzazi wa Nairobi alilalamika kwamba shule inamfanyisha kazi. Mzazi wa Uyui hajawahi kuombwa hata hivyo. Yeye huitwa shuleni kwa mchango, au kwa kosa.

Machi 17, 2020 shule za Tanzania zilifungwa kwa ajili ya korona, na za msingi zilifunguliwa Juni 29. Kwa miezi mitatu nchi nzima ilikuwa na kazi za nyumbani peke yake. Mijini zilipita kwenye makundi ya WhatsApp, na vipindi vilirushwa redioni na kwenye televisheni. Vijijini Tabora ilikuwa Aprili na Mei, msimu wa kuchambua na kufunga tumbaku kwa ajili ya soko, na kila mtu alijua watoto wako wapi.

Baadhi ya mambo yamebadilika kwa kweli. Nguzo za umeme wa vijijini, za REA, zimefika vijiji ambavyo miaka ishirini iliyopita vilitegemea koroboi, na taa ndogo za jua zimekuwa za kawaida hata kwenye nyumba za nyasi. Moshi wa mafuta ya taa umepungua machoni mwa watoto. Katika shule nyingi za vijijini walimu wameacha kupigana na jioni. Wanawaachia watoto kipindi cha mwisho wafanye zoezi hapohapo, mwenye kitabu akimsomea asiye nacho. Ni prepo ya watoto wa kutwa, bila bweni. Mwalimu hupata kuona nani amekwama, na mtoto huondoka mikono mitupu kwenda kwenye kazi zinazomsubiri.

Sera ya elimu, toleo la 2023, inaipeleka shule ya msingi kwenye miaka sita badala ya saba, na mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024. Kalenda haikuguswa. Upimaji wa kitaifa wa darasa la nne unaendelea kufanywa karibu na mwisho wa Oktoba au Novemba, yaani wiki zilezile ambazo vitalu vya tumbaku vinanyweshwa, mashamba yanatayarishwa na kila mkono wa nyumbani unahesabiwa.